Mgawo wa Maneno Mia Tano: Mtunza Maneno na Mamlaka katika The Wordsmith ya Patricia Forde

Ikisiri

Makala hii inaichambua The Wordsmith, riwaya ya vijana ya mwandishi Patricia Forde wa Ayalandi, iliyochapishwa Dublin mwaka 2015 na kutolewa Marekani mwaka 2017 kwa jina la The List. Riwaya inasawiri mji ambao raia wake wameruhusiwa kutumia maneno 500 pekee. Ni rahisi kuisoma kama kisa cha mtawala dhalimu na vijana wanaompinga. Makala inashikilia kuwa uzito wake uko kwingine, katika kazi ya mtunza maneno, ambaye anayapenda maneno na papo hapo ndiye mkono unaoyagawa kwa kipimo. Hoja hiyo inapimwa kwa historia ya lugha ya Kiayalandi, kwa muundo wa Kiswahili, na kwa kisa cha Kisetla, ambacho kinaonyesha mahali dhana ya riwaya inapopwaya.

Utangulizi

Riwaya za distopia, yaani zile zinazosawiri jamii ya kubuni iliyoharibika ili kuionya jamii halisi, zimekuwa chakula cha kawaida cha wasomaji vijana tangu mwanzoni mwa karne hii. Nyingi kati yake huigawa jamii kwa misingi ya mali, damu au eneo. Forde, mzaliwa wa Galway anayeandika kwa Kiingereza na kwa Kiayalandi, ambaye aliteuliwa kuwa balozi wa kitaifa wa fasihi ya watoto nchini mwake kwa kipindi cha 2023 hadi 2026, aliigawa jamii yake kwa msingi wa msamiati.

Mandhari ni mji wa Ark, uliojengwa baada ya janga linaloitwa Kuyeyuka: barafu za dunia zimeyeyuka, bahari imepanda, na ustaarabu wa zamani umezama pamoja na miji yake. Mwasisi na mtawala wa mji huo ni John Noa. Jina lake na jina la mji vinairejesha safina ya Nuhu, ila safina hii inaokoa watu na kuyatupa maneno baharini. Noa anaamini kuwa lugha ndiyo iliyoiangamiza dunia. Wanasiasa walisema na kusema wakati maji yakipanda, wakaufunika ukweli kwa ufasaha, na binadamu kwa sababu ya lugha akajiona kuwa bora kuliko viumbe wengine. Dawa yake ni Orodha, yaani maneno 500 yaliyoidhinishwa. Anayesema nje ya Orodha hufukuzwa mjini.

Shujaa wa hadithi ni msichana Letta, mwanagenzi wa mzee Benjamin, ambaye cheo chake ni mhunzi wa maneno. Wawili hao wana ruhusa ya kuijua lugha nzima, kwa kuwa kazi yao ni kukusanya maneno ya zamani, kuyaandika kwenye kadi na kuyahifadhi, na pia kuwaandikia raia kadi za maneno waliyoruhusiwa. Letta anapoletewa habari kuwa Benjamin amefariki, anakirithi cheo hicho akiwa bado kijana. Wakati huohuo anamhifadhi dukani Marlo, mvulana aliyejeruhiwa, ambaye ni mmoja wa kundi ambalo utawala unaliita la wanajisi, watu wanaodumisha muziki, sanaa na maneno yaliyokatazwa. Kutoka hapo Letta anagundua kuwa Orodha ilikuwa hatua ya kwanza tu, na kwamba upo mpango wa kuwanyang'anya watu wa Ark uwezo wenyewe wa kusema.

Lugha kama mgawo

Jambo la kwanza la kutazamwa ni kwamba Ark haina lugha mbili. Watu wote wanazungumza lugha ileile, na tofauti iko katika kipimo. Raia wa kawaida ana maneno yake 500. Fundi hupata kadi chache za nyongeza zinazohusu kazi yake, kwa kuwa hata mtawala anayeichukia lugha hawezi kupata asali ikiwa mfuga nyuki hana jina la kitu anachokishika. Juu yao wako wachache wenye lugha kamili, akiwemo Noa mwenyewe. Nje ya malango uko mtaa wa mabanda unaoitwa Tintown, wanakoishi waliokosa nafasi katika safina.

Neno linalofaa kuueleza utaratibu huu ni mgawo, kwa maana ya enzi za uhaba, pale sukari na unga vilipopimwa na kugawiwa kwa kaya. Mgawo una tabia ambazo marufuku haina. Kwanza, unajifanya kuwa haki, kwa sababu kila mtu anapata kiasi kilekile. Pili, unamfanya mpokeaji amshukuru mgawaji. Tatu, nao ndio muhimu zaidi kwa riwaya hii, unahitaji karani, mtu wa kuhesabu, kuandika na kukabidhi. Marufuku ya moja kwa moja ingeweza kuendeshwa na askari peke yao, lakini Orodha haiwezi kusimama siku mbili bila mtu anayejua kusoma na kuandika, mwenye hati nzuri na dhamiri iliyotulia.

Kuna mpaka mwingine ambao riwaya inauchora bila kelele, nao ni wa umri. Waliokuwa watu wazima kabla ya Kuyeyuka wanayakumbuka maneno waliyonyimwa, nao wanayanyamazia kwa hofu. Waliozaliwa baadaye hawana cha kunyamazia. Kwao Orodha si upungufu hata kidogo, maana hawajawahi kukiona kilichopunguzwa. Hapo ndipo saa ya hadithi inapogonga kwa nguvu kuliko katika matukio ya kukimbizana. Utawala hauhitaji kumshinda mzee anayekumbuka, kwani kifo cha kawaida kitaifanya kazi hiyo. Kila anayefuatilia lugha zinazofifia Afrika Mashariki anaijua hesabu hii, kwa kuwa lugha haifi siku mzungumzaji wake wa mwisho anapozikwa. Hufa miongo mingi kabla, siku mzazi anapoamua kutomsemesha mwanawe kwa lugha hiyo.

Mhunzi asiyefua

Cheo cha mhunzi wa maneno kina kejeli ndani yake. Mhunzi hufua: huchukua chuma akakipa umbo jipya. Letta na Benjamin hawafui neno hata moja. Kazi yao ni ya ghala, kupokea, kupanga na kutoa kwa kibali. Wanajisi, ambao hawana cheo chochote, ndio wanaoimba, wanaochora na kuyaweka maneno kazini.

Katika riwaya ya George Orwell ya mwaka 1949, Nineteen Eighty-Four, yumo mtunga kamusi mwingine, Syme, anayeshughulikia toleo la 11 la kamusi ya lugha mpya ya utawala. Syme anaifurahia kazi yake waziwazi. Kwake kuondoa maneno ni uzuri, na kila toleo la kamusi lazima liwe jembamba kuliko lililotangulia. Msomaji hapati taabu kumhukumu. Letta ni kinyume chake kwa kila tabia. Kila neno la zamani linaloingia dukani analipokea kama anayepokea mtoto aliyepotea, analiandika kwa uangalifu, analihifadhi. Hata hivyo, wote wawili wamo katika ajira moja. Syme anachoma maneno, Letta anayafungia, na kwa raia anayesimama upande wa pili wa kaunta tofauti hiyo haionekani, kwa sababu katika hali zote mbili neno halimfikii.

Hiki ndicho kiini cha riwaya, na ndicho kinachoifanya istahili kusomwa na watu wa taaluma ya lugha zaidi ya vijana ilioandikiwa. Letta anajiridhisha kwa fikra kwamba maneno yanahifadhiwa kwa ajili ya siku moja, watu watakapokuwa tayari. Fikra hiyo haina ubaya wowote ndani yake. Maktaba zote zimejengwa juu yake. Kosa lake linaonekana pale tu msichana anapojiuliza ni nani atakayeamua kuwa siku hiyo imefika, na jibu likawa ni yuleyule aliyeweka kufuli. Uhifadhi usio na tarehe ya kufungua ni aina ya kuzika. Forde hamfanyi Letta aelewe hili kwa kusoma. Anaelewa kwa sababu mvulana aliyejeruhiwa yuko nyuma ya duka lake, anazungumza kwa uhuru, na maneno ambayo Letta aliyajua kama kadi sasa yana sauti na pumzi.

Kivuli cha Kiayalandi

Si lazima msomaji aijue historia ya Ayalandi ili aifuate hadithi, lakini akiijua ataona kuwa mwandishi hakuhitaji kubuni mengi. Mwaka 1831 serikali ya Uingereza ilianzisha nchini humo mfumo wa shule za msingi za taifa ambao lugha yake ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Katika karne hiyo, sehemu nyingi za nchi zilikuwa na desturi ya bata scoir, kijiti kilichofungwa kwa kamba shingoni mwa mtoto. Kila mtoto alipozungumza Kiayalandi kijiti kilikatwa alama, na mwisho wa siku mwalimu alihesabu alama na kutoa adhabu kwa idadi yake. Kinachouma katika kumbukumbu za desturi hiyo ni kwamba wazazi wenyewe, ambao hawakuwa na Kiingereza, walishirikiana na mwalimu, wakiamini kuwa wanamtayarishia mtoto safari ya kwenda kutafuta riziki. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliziangukia zaidi jamii maskini za magharibi, ambazo ndizo zilizokuwa na wazungumzaji wengi. Sensa ya mwaka 1851, ya kwanza kuuliza suala la lugha, ilihesabu wazungumzaji wa Kiayalandi karibu milioni moja na nusu, chini ya robo ya watu wote.

Washiriki wa makongamano ya Kiswahili hawahitaji kuelezwa kijiti hicho ni nini. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), anakieleza kifungo kilichopitishwa kutoka mkono hadi mkono miongoni mwa wanafunzi wa Kenya ya kikoloni, ili jioni ijulikane ni nani na nani waliozungumza Kigĩkũyũ. Kijiti na kifungo ni vyombo vya mgawo kama kadi za Letta. Vyote vinaigeuza lugha kuwa kitu cha kuhesabika, na vyote vinamtumia mtu wa karibu kama karani.

Upande wa pili wa historia hiyo ni ule wa watunza kamusi. Padri Patrick Dinneen alitoa kamusi yake kubwa ya Kiayalandi mwaka 1904. Vibao vyake vya kuchapia viliteketea Dublin katika machafuko ya Pasaka ya mwaka 1916, naye akaianza kazi upya hadi toleo kubwa zaidi likatoka mwaka 1927. Katiba ya mwaka 1937 iliitangaza lugha hiyo kuwa lugha rasmi ya kwanza ya taifa, na mwaka 2007 ikawa lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Pamoja na heshima hizo, wanaoitumia kila siku nje ya shule wamebaki wachache, wengi wao nje ya maeneo ya Gaeltacht, ambayo sehemu yake kubwa iko katika kaunti ya Galway. Mwandishi aliyekulia pembeni mwa hali hiyo anajua jambo ambalo mwandishi wa London huenda asilione: lugha inaweza kuwa na kamusi nene, kifungu cha katiba na wakalimani Brussels, na bado ikakosa mtu wa kuitumia sokoni. Ghala la Letta limejaa kwa namna hiyohiyo.

Orodha ingekuwaje kwa Kiswahili?

Riwaya imeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo maneno yake mengi husimama peke yake, na dhana ya maneno 500 inategemea hilo kuliko inavyoonekana. Ukimnyima Mwingereza neno la mfungwa, hana njia ya mkato ya kulijenga kutokana na kitenzi cha kufunga. Mswahili anayo. Mtawala wa Ark akiwaachia raia wa Kiswahili kitenzi funga, kwa kuwa hakuna jela inayoendeshwa bila kitenzi hicho, atakuwa amewaachia pia fungia, fungana, fungwa, mfungwa, kifungo na mfungo. Baya zaidi kwake, atakuwa amewaachia fungua, na kutoka hapo ufunguo. Mzizi mmoja unatoa gereza na ufunguo wake. Mizizi 500 yenye viambishi vyake vyote ingezaa maelfu ya maneno kabla jua halijatua, na yale yasiyozalika yangefidiwa kwa fumbo, ambalo haligharimu neno jipya. Ili Orodha ifanye kazi kwa Kiswahili, Noa angelazimika kupiga marufuku viambishi, yaani kuigusa sarufi yenyewe na kuacha msamiati. Kuna neno jingine ambalo lingemtaabisha: nanihii. Kila mzungumzaji hulikimbilia jina la kitu linapompotea, na neno hilo moja lingeweza kusimama mahali pa maelfu yaliyofutwa, bila askari yeyote kuthibitisha lilimaanisha nini.

Jambo hili si mchezo wa nadharia tu. Litamkabili mtafsiri yeyote atakayetaka kuiweka riwaya hii mikononi mwa vijana wa Afrika Mashariki. Katika kitabu, usemi wa Orodha umekatwakatwa, na msomaji wa Kiingereza anausikia kama usemi uliojeruhiwa. Kishawishi cha kwanza cha mtafsiri kitakuwa kuvifyeka viambishi vya nafsi na njeo, na kuandika sentensi za mtindo wa mimi taka maji au yeye kuja kesho. Sentensi hizo, hata hivyo, tayari zina wenyewe. Hiyo ni sauti ya Kisetla, Kiswahili cha walowezi wa nyanda za juu za Kenya, kilichofundishwa katika vitabu kama Up-Country Swahili cha F. H. Le Breton cha mwaka 1936, kilichowalenga walowezi na wenzao waliohitaji lugha ya kuelewana na wafanyakazi wao.

Hapo riwaya inakutana na ushahidi unaoipinga. Ndani ya Ark, mwenye maneno machache ndiye anayetawaliwa, na mwenye lugha kamili ndiye anayetawala. Katika shamba la mlowezi hali ilipinduka. Bwana ndiye aliyekuwa na lugha iliyolemaa, vitenzi vyake vimesimama katika hali ya kuamuru, ilhali mpishi na mtunza bustani walirudi jioni kwenye lugha zao kamili, wakamcheka humo kwa ufasaha wote. Wala ufasaha huo haukuwapa ardhi. Bwana hakuhitaji maneno 500, kwa kuwa hamsini ya kuamrisha yalimtosha, kwa sababu nyuma ya kila neno kulikuwa na kiboko, kipande na mkuu wa wilaya. Kwa hiyo wingi wa maneno hauzai mamlaka, na uchache wake hauondoi. Noa anaihofia lugha kupita kiasi kwa sababu mwandishi aliyemuumba anaipenda kupita kiasi, na riwaya nzima inapumua imani hiyo ya pamoja ya muumba na adui yake. Msomaji wa Kiayalandi ana sababu ya kuisadiki. Msomaji aliyesikia Kisetla kikiigizwa na babu yake ana haki ya kusita.

Udhaifu huo hauibomoi hoja kuhusu mtunza maneno. Unaisogeza. Kama nguvu ya Orodha haitoki katika hesabu ya maneno, basi inatoka kwa anayeshika kalamu ya kuidhinisha na kwa kile kinachomfuata asiyeidhinishwa. Mtafsiri mwangalifu angeacha sarufi ya wahusika ikiwa nzima, akaonyesha jeraha kwa njia nyingine: mzungumzaji anafika katikati ya sentensi, upatanisho wa kisarufi umeshaandaliwa, nomino haipo. Lile la, lile la. Kiswahili kina uwezo huo ambao Kiingereza hakina, wa kuonyesha ngeli ya neno lililoibwa.

Kalamu ya kuidhinisha

Kiswahili chenyewe kina historia yake ya orodha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliiteua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha iliyozihusisha Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuipitia lugha ya vitabu vya shule na kuviidhinisha. Hakuna aliyefukuzwa mjini kwa kusema Kimvita, na itakuwa ni kukosa adabu ya ushahidi kuifananisha Kamati hiyo na Noa. Faida za usanifishaji zinajulikana: bila huo, kitabu kimoja kisingesomwa Kampala, Mombasa na Tabora. Ayalandi ilipitia njia hiyohiyo ilipotoa kaida rasmi ya sarufi na tahajia mwaka 1958, na wazungumzaji wa Gaeltacht waliokuta umbo la nyumbani kwao halimo walilalamika kama Waamu na Wamvita walivyolalamika.

Hata hivyo, karani wa riwaya hakuwa mtu mwovu, wala kazi yake haikukosa faida. Neno la lahaja linapoingia katika kamusi likiwa na alama ya lahaja, au la kale likiwa na alama ya kale, limehifadhiwa na papo hapo limeelekezwa kwenye rafu. Mwalimu anayesahihisha insha huiona alama, naye huchukua kalamu nyekundu. Mtunga kamusi hakuishika kalamu hiyo, lakini ndiye aliyeijaza wino. Letta anafika mahali pa kuliona hili kwa sababu anasimama dukani, anawatazama usoni wanaopokea kadi. Watunza maneno wa ofisini hawana kaunta.

Katika mwendelezo wa riwaya hii, Mother Tongue (2019), Noa hayupo tena, na kadi hazina wa kuziidhinisha. Letta hafungui ghala ili watu wajichukulie wapendavyo, kwa kuwa waliolelewa kwa Orodha wasingejua cha kuomba. Anakaa na watoto na kuwafundisha maneno.